Altrasaundi na Kongosho: "Halikuonekana" Haina Maana ya "Halina Tatizo"

Kuna sentensi ambayo wapimaji wa altrasaundi ya tumbo huiandika mara nyingi mno: "Kongosho halikuonekana vizuri kutokana na gesi ya utumbo." Inakaa katikati ya ripoti, baada ya ini na mfuko wa nyongo, kabla ya figo na bandama. Chini kabisa, kwenye hitimisho ambako macho ya kila mtu hukimbilia, panaandikwa: "Altrasaundi ya tumbo ni ya kawaida." Mgonjwa anamshukuru Mungu. Daktari mwenye foleni ndefu mlangoni anasoma mstari wa mwisho, anaandika dawa za vidonda vya tumbo na kumwita anayefuata.

Ripoti hiyo inajipinga yenyewe. Kiungo ambacho hakikuonekana hakiwezi kuitwa kizima wala kibovu, kwa sababu hakijapimwa. Ila kwa kuwa ripoti imefungwa kwa neno la faraja, mtu anarudi nyumbani akiamini kongosho lake limekaguliwa, na maumivu yale yale yaliyompeleka hospitali anaanza kuyaita gesi, uchovu au mawazo. Miezi inapita. Katika baadhi ya magonjwa ya kongosho, miezi michache ndiyo tofauti kati ya mtu anayeweza kufanyiwa upasuaji na asiyeweza tena.

Mara nyingi watu huuliza kama altrasaundi inaaminika kwa matatizo ya kongosho. Swali hilo halijibiki kwa ndiyo au hapana, maana kipimo hiki hutoa majibu ya aina tatu na kila moja lina uzito wake. Kikisema kimeona tatizo, mara nyingi ni kweli. Kikisema hakikuona tatizo, bado kuna nafasi kubwa tu ya kuwepo. Kikisema hakikuliona kongosho lenyewe, hakijajibu kitu. Hasara kubwa ninayoiona inatokea pale jibu la tatu linapopokelewa kama la pili, na la pili likapokelewa kama cheti cha afya.

Kongosho limejificha. Ni kiungo kirefu, chembamba na laini, chenye urefu wa sentimita 12 hadi 15 hivi, kilicholala kwa upana nyuma ya mfuko wa chakula, mbele ya uti wa mgongo. Kichwa chake kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mwembamba, upande wa kulia. Kiwiliwili kinapita juu ya mshipa mkuu wa damu, na mkia unaelekea kushoto hadi karibu na bandama. Kwa hiyo anayepima kutoka mbele ya tumbo ana ngozi, mafuta, misuli, mfuko wa chakula na sehemu ya utumbo mpana kati yake na kitu anachokitafuta. Kukaa kwake karibu na mgongo ndiko kunakofanya maumivu yake yachome hadi nyuma, na wagonjwa wengi hudhani wana tatizo la uti wa mgongo.

Altrasaundi hufanya kazi kwa mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyasikii. Kwa tumbo, mashine hutumia mawimbi ya megahezi 2 hadi 5. Yanapenya kwenye nyama na majimaji, yanagonga mipaka kati ya tishu moja na nyingine, yanarudi, na kompyuta inayageuza kuwa picha. Yakikutana na hewa mambo yanaharibika: kwenye mpaka wa nyama na hewa, zaidi ya asilimia 99 ya sauti hurudishwa papo hapo. Nyuma ya hapo mashine haioni kitu, na kinachobaki kwenye skrini ni weupe na kivuli. Jeli ya baridi wanayokupaka tumboni ina kazi hiyohiyo, kuondoa hewa iliyo kati ya ngozi na kifaa. Gesi iliyo ndani ya utumbo haiondolewi kwa jeli.

Unene nao una nafasi yake. Mafuta hudhoofisha sauti inapopita. Mpimaji akitaka kufika ndani zaidi hulazimika kutumia mawimbi ya megahezi za chini, na mawimbi hayo yakifika huleta picha isiyo na undani. Kwa mtu mwembamba aliyefunga kula usiku kucha, kongosho linaweza kuonekana lote, na mrija wake wa ndani ukapimwa kwa milimita. Kwa mtu mnene mwenye tumbo lililojaa gesi, mpimaji yuleyule akiwa na mashine ileile anaweza kuambulia kipande cha kiwiliwili tu. Ndiyo maana mtu akiniuliza kipimo hiki kinaaminika kwa asilimia ngapi, kwanza nataka kujua kinafanyika kwa nani.

Na kinafanywa na nani. Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu tofauti kati ya mpimaji anayelitafuta kongosho na anayelipitia ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Anayelipitia huweka kifaa katikati ya tumbo chini ya kifua, akiona gesi anaandika "gesi" na kuhamia kwenye figo. Anayelitafuta humwambia mgonjwa avute pumzi ndefu aishikilie, ili ini lishuke na sehemu yake ya kushoto iwe dirisha la kupitishia sauti, kwa kuwa ini halina hewa. Kama bado haoni, anabonyeza kifaa taratibu, kwa nguvu inayoongezeka kidogo kidogo, ili kuisukuma gesi pembeni. Anamwambia mgonjwa atoe tumbo nje. Anamlaza ubavu, anamketisha, wakati mwingine anamsimamisha. Anahamia kiunoni upande wa kushoto, autazame mkia kupitia kwenye bandama. Akishindwa kote huko, anampa maji karibu nusu lita, anasubiri dakika chache mapovu yatulie, kisha anautumia mfuko wa chakula uliojaa maji kama dirisha jipya. Hakuna hatua hapo inayohitaji mashine mpya. Zinahitaji muda, ujuzi na nia, na mahali ambapo mpimaji mmoja anasubiriwa na watu kibao, muda ndio huwa wa kwanza kukatwa.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Kufunga kula kwa muda wa saa 6 hadi 8 kabla ya kipimo ni utaratibu wa kawaida, na kinachosaidia zaidi ni kupima asubuhi. Aliyekunywa soda njiani au anayetafuna bazoka akiwa kwenye benchi anameza hewa, na hewa hiyo ndiyo itakayomzuia mpimaji. Kwa dharura, bila shaka, hakuna anayesubiri mtu afunge.

Sasa tutazame ugonjwa mmoja mmoja, kwa kuwa uaminifu wa altrasaundi unabadilika sana kutoka ugonjwa hadi ugonjwa.

Kuvimba kwa kongosho kwa ghafla huja na maumivu makali sehemu ya juu ya tumbo, mara nyingi yakipenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika. Kwa vigezo vya kimataifa vinavyojulikana kama vya Atlanta, vilivyopitiwa upya mwaka 2012, daktari anahitaji mambo mawili kati ya matatu ili kuthibitisha: maumivu ya aina hiyo, kiwango cha lipasi au amilasi (vimeng'enya vya kongosho) kwenye damu kilichofika angalau mara tatu ya kikomo cha juu cha kawaida, au picha inayoonyesha ugonjwa. Maana yake ni kwamba mgonjwa mwenye maumivu yanayoeleweka na lipasi iliyopanda kiasi hicho ameshathibitika kabla hajapigwa picha yoyote. Ni jambo jema, kwa sababu siku hizo za kwanza altrasaundi huwa kwenye hali yake mbaya kuliko zote. Utumbo ulio jirani na kongosho lililovimba hupooza na kujaa gesi, na katika robo hadi theluthi ya wagonjwa gesi hiyo hulifunika kongosho. Isitoshe, kongosho lililovimba kidogo linaweza kuonekana la kawaida kabisa kwenye skrini.

Pamoja na hayo, miongozo ya tiba inasisitiza kila mgonjwa wa aina hii apigwe altrasaundi, na iwe mapema. Sababu yake iko kwa jirani. Mawe ya nyongo ni kati ya visababishi viwili vikuu vya ugonjwa huu, pamoja na pombe, na kwa mawe yaliyo ndani ya mfuko wa nyongo altrasaundi ni bingwa: kwa kawaida huyagundua kwa zaidi ya asilimia 95. Jiwe lililoteremka na kukwama kwenye mrija wa nyongo ni habari nyingine. Hapo hukosea mara nyingi, kwa kuwa sehemu ya chini ya mrija huo hupita nyuma ya utumbo wenye gesi. Lakini mrija uliopanuka juu ya kizuizi huonekana, na hiyo tayari ni taarifa.

Kujua kuna mawe kunabadilisha matibabu. Utafiti uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2015 katika jarida la The Lancet uliwafuatilia wagonjwa waliovimba kongosho kidogo kwa sababu ya mawe. Kundi moja liliondolewa mfuko wa nyongo kabla ya kutoka hospitali, jingine likarudishwa kufanyiwa upasuaji wiki kadhaa baadaye. Waliosubiri, asilimia 17 walirudishwa hospitali au kufariki kutokana na madhara ya mawe; waliopasuliwa mapema, asilimia 5. Kwa hiyo kipimo ambacho pengine hakikuliona kongosho hata kidogo kinaweza kuwa ndicho kilichomwepusha mgonjwa na shambulio la pili. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu wapo wanaoidharau altrasaundi wakisikia mapungufu yake, na kuidharau ni kosa sawa na kuiamini kupita kiasi.

Upo pia mtego wa kukimbilia CT skani, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta. Picha ya CT iliyopigwa saa chache baada ya maumivu kuanza huweza kuonyesha hali nyepesi kuliko ilivyo, kwa kuwa sehemu za kongosho zinazokufa hazijajitenga bado. Ikiwa utambuzi hauna shaka, picha hiyo hufaa zaidi baada ya saa 72 hadi 96. Na ugonjwa ukishapita hatua ya kwanza, altrasaundi hurudi kuwa na thamani: mkusanyiko wa majimaji unaojengeka ukuta wake, kwa kawaida baada ya wiki 4, unaweza kufuatiliwa kwa altrasaundi tena na tena bila kumwongezea mgonjwa mionzi.

Kwenye kuvimba sugu, ambako kongosho huharibika polepole kwa miaka, tuna takwimu nzuri za kulinganisha. Uchambuzi uliojumuisha tafiti nyingi, uliochapishwa katika jarida la European Radiology mwaka 2017, uliipa altrasaundi ya kawaida uwezo wa kugundua wa asilimia 67. CT ilipata 75, MRI (picha zinazopigwa kwa sumaku) 78, na altrasaundi ya ndani inayofanywa kwa endoskopi, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni, 81. Kwa maneno mengine, katika kila watu 100 wenye ugonjwa huo, altrasaundi ya kawaida ingewakosa 33 hivi. Sasa tazama upande wa pili: kwa watu wasio na ugonjwa, altrasaundi ilisema sawasawa kwamba hawana kwa asilimia 98, ikivizidi vipimo vingine vyote vilivyolinganishwa. Mpimaji akikuta chembe za chokaa ndani ya kongosho na mrija uliotanuka na kujikunja, ni nadra awe amekosea.

Namba hizo mbili zinaeleza tabia nzima ya kipimo hiki: inapotaja ugonjwa ina sauti nzito, inapoukana ina sauti dhaifu. Na naona hata hiyo 67 ni ya kuchukuliwa kwa tahadhari. Tafiti nyingi za namna hii hufanyika kwenye hospitali za ubingwa, kwa wapimaji wazoefu na kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao umeshakomaa. Mtu aliye mwanzoni mwa ugonjwa, kabla chokaa haijajitokeza, ana nafasi ndogo zaidi ya kugunduliwa kwa njia hii.

Lipo jambo dogo linalowatisha watu bure: ripoti inayosema kongosho "limekuwa jeupe" au "lina mafuta". Kongosho huongezeka weupe kwenye altrasaundi kadiri umri unavyokwenda na uzito unavyopanda. Weupe huo pekee, bila mrija kupanuka, bila uvimbe na bila dalili, si kuvimba sugu. Nimewasikia watu waliobadilisha maisha yao yote kwa mstari huo mmoja.

Saratani ya kongosho ndiyo inayofanya mjadala huu uwe wa haraka. Kwa takwimu za Chama cha Saratani cha Marekani za 2025, wanaoishi miaka mitano baada ya kugunduliwa ni asilimia 13 tu. Kwa waliogunduliwa ugonjwa ukiwa bado ndani ya kongosho, idadi hiyo hupanda hadi asilimia 44 hivi. Wengi hawagunduliwi katika hatua hiyo. Kwa hiyo kipimo cha kwanza anachofanyiwa mtu, na namna kinavyosomwa, ni jambo la kufa na kupona.

Altrasaundi huona vizuri uvimbe mkubwa, hasa uliozidi sentimita 3. Ulio chini ya sentimita 2, ambao ndio tungependa kuupata, huponyoka mara nyingi. Mahali ulipo uvimbe nako kuna maana kubwa. Saratani nyingi huanzia kichwani mwa kongosho, na hapo huubana mrija wa nyongo unaopita humo. Macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, choo kinapauka, ngozi inawasha. Mgonjwa huyu altrasaundi humsaidia sana, kwa sababu hata kama uvimbe wenyewe hauonekani, mirija iliyopanuka inaonekana. Ukikuta mrija wa nyongo na mrija wa kongosho vyote viwili vimetanuka, hiyo ni ishara inayotaka CT bila kuchelewa, iwe uvimbe umeonekana au haujaonekana. Mrija wa kongosho wenyewe kwa kawaida hauzidi milimita 3 sehemu ya kichwani, na mpimaji anayeuandika kwa namba anampa daktari kitu cha kushika.

Uvimbe wa kiwiliwili na mkia haubani mrija wa nyongo. Hauleti manjano. Unakua kimyakimya, na dalili zake ni za kupotosha: maumivu yasiyo na umbo, kukonda, kukosa hamu ya kula, mgongo. Na mkia ndio sehemu ambayo altrasaundi huiona vibaya kuliko zote, kwa kuwa umefunikwa na mfuko wa chakula na kona ya utumbo mpana. Hapo pana bahati mbaya maradufu: sehemu isiyotoa dalili mapema ndiyo hiyohiyo isiyoonekana. Mtu anayekonda bila sababu, ana maumivu yanayopenya mgongoni, na ripoti yake inasema mkia haukuonekana, huyo bado hajachunguzwa kongosho, hata kama amelipia kipimo na ana karatasi mkononi.

Uingereza imeliweka jambo hili kwenye mwongozo wake wa kitaifa wa kutambua saratani, uliotolewa na taasisi ya NICE mwaka 2015. Kwa mtu wa miaka 60 na kuendelea anayepungua uzito, na ana mojawapo kati ya kuharisha, maumivu ya mgongo, maumivu ya tumbo, kichefuchefu, kutapika, kufunga choo au kisukari kipya, daktari anashauriwa kufikiria CT ya haraka ndani ya wiki mbili. Altrasaundi ya haraka imetajwa humo pia, kwa sharti moja: pale CT isipopatikana. Naona mpangilio huo ni wa haki. Haukuitupa altrasaundi, ila umeiweka mahali pake.

Kisukari kipya kinastahili neno. Watu wengi wanaopata kisukari ukubwani hawana saratani yoyote, na hakuna haja ya kuwatia hofu. Hata hivyo utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kutoka Rochester, Minnesota, ulikuta kwamba kati ya watu wa miaka 50 na zaidi waliopata kisukari kipya, karibu mtu 1 kati ya 100 aligunduliwa saratani ya kongosho ndani ya miaka mitatu. Anayepaswa kumshtua daktari ni mzee ambaye sukari yake imepanda huku mwili unapungua, maana kisukari cha kawaida cha ukubwani mara nyingi huambatana na uzito uliozidi. Na hapa altrasaundi haiwezi kusema lolote kuhusu sukari yenyewe. Inaonyesha umbo. Haioni insulini wala vimeng'enya, na kongosho lililoshindwa kazi linaweza kuwa na umbo safi kabisa. Kwa kazi ya kongosho kuna vipimo vya damu na vya choo.

Wengine hujibu: basi kila mtu apigwe altrasaundi kila mwaka, au apimwe kwa kipimo chochote kikali zaidi. Ninaelewa hofu iliyo nyuma ya wazo hilo, hasa kwa waliomuuguza ndugu. Lakini tupige hesabu. Marekani, saratani ya kongosho hugunduliwa kwa takriban watu 13 katika kila 100,000 kwa mwaka. Chukua kipimo cha kufikirika kinachokosea kwa watu wazima wa afya mara 2 tu katika kila 100. Ukiwapima watu 100,000, utawashtua bure karibu 2,000 ili kuwatafuta wale 13, na baadhi ya hao 2,000 watachomwa sindano au kupasuliwa bila sababu. Ndiyo maana jopo la Marekani linalotoa ushauri wa vipimo vya kinga, USPSTF, lilirudia msimamo wake mwaka 2019: watu wasio na dalili wasipimwe saratani ya kongosho. Kwa wenye hatari kubwa, kama walio na ndugu wa damu kadhaa waliougua au waliorithi kasoro ya jeni ya BRCA2, wataalamu hutumia MRI na altrasaundi ya ndani. Altrasaundi ya juu ya tumbo haimo kwenye mpango wao.

Kipimo cha damu cha CA 19-9, kemikali inayohusishwa na saratani hii, ambacho wengi hukimbilia, hakizibi pengo. Hupanda hata mrija wa nyongo ukiziba kwa jiwe, na wapo watu ambao miili yao haitengenezi kabisa kemikali hiyo.

Altrasaundi ya ndani nimeitaja mara mbili na inahitaji maelezo mafupi. Tangu miaka ya 1980 madaktari wameweza kuweka kifaa kidogo cha altrasaundi kwenye ncha ya endoskopi, kikapita mdomoni hadi mfuko wa chakula na mwanzo wa utumbo mwembamba. Kutoka hapo kongosho liko karibu mno, hakuna mafuta ya tumbo wala gesi ya kupita, na mawimbi ya megahezi za juu yanaweza kutumika. Inaona vitu vidogo ambavyo CT hukosa, na sindano inaweza kupitishwa kuchukua kinyama cha kupima. Ni kipimo kingine kabisa, ingawa jina ni moja. Mtu asiseme "nimepiga altrasaundi ya kongosho" bila kueleza ni ipi.

Sasa nidai ninachokidai. Kwanza kwa wanaoandika ripoti: liandikwe kwa sehemu. Kichwa kimeonekana au la, kiwiliwili kimeonekana au la, mkia umeonekana au la, mrija una milimita ngapi. Kama kuna sehemu haikuonekana, iandikwe tena kwenye hitimisho, pale pale panaposomwa, pamoja na sababu. Neno "kawaida" lisilifunike kongosho ambalo halikuonekana. Mstari mmoja kama "mkia haukuonekana kwa sababu ya gesi, kama dalili zinaelekeza kongosho, CT inashauriwa" hauchukui hata dakika kuuandika.

Kwa madaktari: fomu ya kuombea kipimo isiandikwe "maumivu ya tumbo" na basi. Mpimaji anayesoma "amepungua kilo nane, maumivu hadi mgongoni, sukari mpya" atatumia dakika kumi pale alipokusudia kutumia tatu. Na ripoti ikirudi, isomwe mwili wake wote. Dalili zikiwa nzito kuliko majibu, dalili ndizo zifuatwe.

Kwa mgonjwa, swali moja linatosha na halimkosei mtu adabu: "Daktari, kongosho langu lilionekana lote?" Kama jibu ni hapana, uliza kinachofuata. Wasiopaswa kuridhika na altrasaundi safi ni mwenye manjano ya macho, anayekonda bila kujinyima, mwenye maumivu ya juu ya tumbo yanayopungua akiinamia mbele, mwenye choo chenye mafuta kinachoelea na kunuka kupita kawaida, na mzee aliyepata kisukari huku anakonda. Mwenye maumivu ya siku mbili yaliyokwisha yenyewe, anakula vizuri na uzito wake haujasogea, hana sababu ya kukimbizana na mashine kubwa.

Inabaki hali ngumu kuliko zote, ya mahali ambapo altrasaundi ndiyo picha pekee iliyopo na CT iko mbali au haishikiki kwa gharama. Hapo kuambiwa "altrasaundi haitoshi" bila kuongezewa neno ni kumwacha mtu njia panda. Yapo ya kufanya. Kipimo kirudiwe asubuhi nyingine, mgonjwa akiwa amefunga, kwa maji na kwa mikao yote, na ikiwezekana na mpimaji mwingine. Lipasi, sukari na vipimo vya ini vichukuliwe. Mgonjwa apimwe uzito kwa mizani ileile na tarehe iandikwe, kwa sababu uzito unaoshuka kati ya ziara mbili ni ushahidi unaotosha kumwandikia rufaa. Mwenye manjano, au ambaye mirija yake imepanuka, asisubiri marudio yoyote. Apewe rufaa siku hiyohiyo, na kwenye barua yake pawekwe wazi sehemu za kongosho zilizoonekana na ambazo hazikuonekana, ili atakayempokea asianze kwa kudhani kazi hiyo imeshafanyika.